Uma Uliokuwa Bado Unalia

Mdogo wangu mpenzi,

Kwanza magoti yako: bado yanakusumbua ngazini? Mimi mwili hauna neno, ila utulivu ndio sina. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kitini. Najua umenipigia simu mara nyingi nami sipokei. Tafadhali, usikasirike mpaka umalize kusoma.

Bintiyo ni mzima, hilo nalitanguliza. Alipigwa ngumi ya sikio mazoezini, fainali ikiwa imekaribia. Kazi yangu pale ukumbi wa ndondi unaijua: kocha hamrudishi mtu ulingoni mpaka nimpime. Nikamkalisha kwenye benchi. Nikampa kijiti bapa cha mbao akiume, nikakipinda nione kama taya limevunjika. Alikibana mpaka kikakatika, akakitema na kunishauri nitafute mti mgumu zaidi. Macho yakafuata kidole changu juu na chini bila kuona viwili viwili. Pua nayo ilimtoka damu kidogo, tone lake nikaliweka kwenye shashi. Halikujichorea duara la maji pembeni, ambalo lingemaanisha maji ya kichwani yanavuja. Ukabaki uma wa sauti, kile chuma cha panda mbili unachokigonga kikalia, ukakisimamisha katikati ya paji la uso. Sikio likiwa na hitilafu, mlio huvutwa upande mmoja.

Akasema anausikia katikati. Lakini huyu amekulia kwangu akiniona nikipima. Majibu anayajua kama jina lake, na fainali ile aliitaka kufa na kupona. Nikaamua kumtega. Niliugonga tena, nikaushika karibu na sikio langu mpaka ukanyamaza, ndipo nikamwekea na kumuuliza anasikia nini. Akajibu kwamba unalia, tena katikati vilevile. Nikatangaza mbele ya wote kuwa Nyigu wetu, ndivyo wanavyomwita, ni mwongo na hapigani. Akaapa kwamba uma ulikuwa unalia. Kocha alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Bondia mmoja akatania kwamba labda mzee siku hizi anasikiliza kwa miwani. Nilimfokea.

Fainali ikapita yeye yumo chumbani kajifungia. Tangu hapo hakunisalimia. Mtoto niliyemlea akawa ananipita kama nguzo, nami nikawa nazunguka nyumba nzima nikitafuta vitu ambavyo sikuvipoteza.

Jana nikamburuta kwa daktari wa masikio, nikitaka ushahidi kwamba nilikuwa sahihi. Daktari akaugonga uma wake, akausimamisha kwenye paji la bintiyo. Kiherehere changu unakijua: nikamwambia umeshanyamaza, amuulize sasa. Akanitazama kwa upole, akakishika kidole changu na kukigusisha kwenye chuma. Chuma kilikuwa bado kinatetemeka. Akaniomba nikae mimi kwenye kile kiti.

Masikio ya mwanao hayana dosari. Yangu ndiyo yanakwisha, na la kushoto limeshatangulia. Nilimpima mtoto kwa sikio bovu, nikamwita mwongo. Simu zako pia sizisikii zikilia. Nazikuta baadaye kwenye kioo cha simu. Miaka yote hii ya ugenini sauti yako ndiyo ilikuwa nyumbani kwangu, na sikujua namna ya kukuambia kwamba imeanza kuniponyoka.

Tulipotoka nikamwomba radhi barabarani. Nikamwambia alikuwa na haki ya kuninunia. Alisimama, akanigeuza nimwone mdomo, akasema hajaninunia hata siku moja. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo huku amenipa mgongo, anachemsha chai, nami siitikii. Alidhani mimi ndiye niliyemkataa.

Fainali siwezi kumrudishia. Kesho nitawahi jikoni kabla yake, nikae upande ambao nitamwona uso, na marahaba yangu ataisikia mpaka jirani.

Nisalimie wote wanaonikumbuka bado. Usipige, niandikie, maandishi yako nayasikia vizuri.

Ni mimi kaka yako,
mwenye uma