Majina Ndani ya Mémoire ya Bénite

Butembo, Vulamba
14 octobre 2001

Mupendwa mutoto wangu Keren,

Nakusalimia sana mu jina ya Bwana Yesu. Habari ya afya? Ile kichwa yenye ilikuwa inakusumbua ilipona, ao bado unasoma na kitambaa imefungwa mu paji? Uniandikie kweli, usinifiche, maana mie ni munganga wa hospitali na nitajua.

Sisi huku tuko, tunapumua. Magoti inamuuma mukubwa wangu, mama yako, lakini ku shamba haachi kuenda. Ukimuambia apumuzike anakuuliza kama ni wewe utalima. Mudogo wako Luc anasoma siku zenye shule iko wazi. Juu ya vita sina mengi ya kusema: basoda balibadilisha mukubwa wao, barrière zao ku njia zikabaki palepale.

Barua hii inabebwa na Edmond, anakuja Kampala kuchukua vitu vya duka yake. Ku mupaka banafunguaka barua za batu, kwa hiyo kuna majina sitaandika. Usikasirike. Utaona pia sababu ingine.

Uliniuliza juu ya recherche, ile kazi ya kuuliza batu maswali na kuandika. Unasema mwalimu wenu aliwafundisha mambo ya consentement, ni kusema kukubali kwa mutu, na ya kutunza siri, mukaikariri sawa mistari ya Biblia, points ukapata, lakini hauone inasaidia nini. Mutu akikubali kujibu maswali, si amekubali? Swali ni nzuri. Nilitaka kukujibu na maneno ya darasa, juu hiyo cours ni mie naifundisha huku. Halafu nikaona ni afadhali nikupashe mambo yenye ilitupata mwaka huu.

Unamukumbuka Bénite, ule wa chorale, mwenye sauti yake ilikuwa inapita ya benzake bote hata wakati walimuomba apunguze? Alikuwa anamaliza ku shule yetu ya baganga. Unajua kila mwanafunzi anaandika mémoire, kitabu ya kumaliza masomo, kisha anaitetea mbele ya jury ya balimu na mbele ya batu benye banapenda kuja. Bénite alichagua kutafuta sababu gani bamama ba vijijini banapanga uzazi wakati huu wa vita. Akaenda mu kijiji moja kati yetu na Beni, mahali basoda na Mayi-Mayi, wale bapiganaji ba mu pori, banapishana.

Alianza na adabu, sawa vile tulimulea: akaenda kwanza kwa shemasi. Shemasi akamutangaza ku kanisa, akaomba bamama bajibu maswali yote, juu huyu ni mutoto wa kanisa. Bakajibu. Bénite akaandika mu mémoire ya kwamba bote balikubali kwa mapenzi yao wenyewe. Nikamuuliza: kati yao, nani angeweza kukataa? Mama mwenye kutumwa na shemasi hajakubali, Keren, ametii. Jibu ya swali yako ni hiyo, na ningeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa ingine, na ile njo ilinikosesha usingizi.

Juu ya kutunza siri, Bénite aliondoa majina ya ubatizo na majina ya bwana zao. Akabakiza jina ya Kinande peke yake. Wewe ni Munande, unaelewa namna alifikiri. Uite "Masika" mu soko ya Butembo, nusu ya bamama banageuka, maana kila nyumba iko na Masika wake, binti wa kwanza. Kwetu ile jina inaonyesha mutu alifika wa ngapi ku tumbo ya mama yake, na tunaizoea mpaka hatuisikie tena kama jina. Banafunzi bote hapa banafanya vile. Octave, directeur wetu, ni mutu wa Kasaï, si Munande. Kwake Masika na Kavira ni sawa A na B, hakuona shida yoyote.

Lakini unajua kuna majina ingine zenye hazitolewe kila siku, zinafuata namna mutoto alizaliwa. Mu kilima nzima unaweza kupata mutu mumoja tu mwenye kuibeba. Mumoja wa bamama ba Bénite alikuwa na jina ya namna ile. Nitamuita Maliro, na si jina yake. Na mambo ingine juu yake nimeigeuza kidogo, usijaribu kutafuta.

Maliro alimuambia Bénite mambo yenye hakuambia mutu mwengine. Wakati balikimbia mu pori alikuwa na mimba, na mutoto ku mugongo. Ule wa ku mugongo alimuzika njiani. Aliporudi ku nyumba akaapa hatakimbia tena na tumbo. Tangu pale, siku ya soko, anapita kwa siri ku centre de santé, banamuchoma sindano ya kupanga uzazi. Bwana yake anangojea mutoto mwengine, anafunga chakula na kuomba. Na bwana yake njo ule shemasi.

Hakuna ukurasa ingine mu ile mémoire ilikuwa nzuri vile. Niliisoma nikalia, mie mwenye silie ovyo. Kisha nikakumbuka batu benye batasikiliza. Siku ya kutetea Bénite alikuwa asome ile maneno kwa sauti, na ku viti vya mbele alikuwa amealika, kwa kumushukuru, shemasi.

Nikamuita, nikamuonyesha ile jina na kidole. Akashika mudomo. Kisha akaona njia ya haraka: tuandike "Mama X", na kazi imekwisha. Nikamuambia ukitoa jina, kunabaki mutoto mwenye alizikwa njiani, kunabaki siku ya soko, kunabaki bwana mwenye kazi ku kanisa. Nani mu kijiji hatajua ni nani? Ile maneno ina mwenyewe. Twende tumuulize.

Tulienda siku ya kupima batoto, juu siku ile bamama bote bako kule na hakuna mutu anashangaa kuona baganga. Tukamuita Maliro nyuma ya centre, mahali banaanika mashuka. Bénite akamueleza yote, hakujitetea hata kidogo, na kwa ile namupa heshima. Akamuambia ana haki ya kukataa hata leo, na hakuna mutu atamufanya kitu. Maliro akasema:

"Ondoa yote. Ile maneno nilikuambia wewe, sikuambia kitabu."

Akanigeukia mie, akaniangalia toka miguu mpaka kichwa.

"Na huyu naye, alijua tangu lini?"

Tukamuaga, akarudi kwa bamama benzake.

Tulirudi Butembo, tukapita kwa kila mutu wa jury kukamata tena copie za ile mémoire. Octave alikataa kwanza. Si mutu mubaya. Alisema ile ukurasa moja ingeweza kusaidia bamama mingi, wakubwa ba afya bangeisoma, na science itapoteza sana. Pengine ni kweli. Nikamujibu science haina bwana mwenye kuingojea ku nyumba. Akacheka kidogo, akatoa copie mu tiroir ya meza yake. Zile karatasi zote tulizichoma mu babula yangu, ile jiko ya makala, na siku ile maharagi iliiva mbio.

Siku ya kutetea, salle ya shule ilijaa batu. Shemasi alikuja na Maliro, bote na nguo za siku ya Mungu. Jury ikasema kazi ni nyembamba, ikauliza sababu gani mama mumoja amekosekana. Bénite akajibu kwamba mumoja alisema, kisha akakataa, na ni haki yake. Bakamupa points za kupita tu, yeye mwenye bote tulijua atakuwa wa kwanza. Kisha bakaruhusu batu bengine baulize, na shemasi akasimama.

"Mutoto wetu, ile mambo ya kukataa kuzaa, uliipata hata mu kijiji yetu?"

Sikuangalia Maliro. Niliangalia mikono yangu.

"Papa shemasi," Bénite akasema, "yenye bamama baliniruhusu kusema, nimeisema yote."

Shemasi akafurahi. Akashukuru Mungu mbele ya batu, kwamba kwake hakuna mambo ya vile. Salle ikapiga mikono, Maliro naye akapiga.

Utasema basi, tulimuokoa. Siku ile mie pia nilisema vile, na nikalala vizuri. Lakini juma yenye ilipita shemasi alifika hapa kwangu, na jogoo ya kumupa Bénite. Alikuwa anacheka sawa kijana. Bibi yake iko na mimba. Mungu amesikia kufunga kwake. Bénite alipokea jogoo na mikono yote mbili, sawa inavyofaa, akasema asante papa. Shemasi alipotoka tu, Bénite akaikala chini ku ciment. Tulielewa bote bawili bila kuambiana. Tangu tulimuita nyuma ya centre, mulango ya centre ilimutisha, hakurudi tena kuchomwa sindano.

Risasi zimeanza tena upande wa Beni, Keren. Ikibidi kukimbia, atakimbia na tumbo.

Mama yako anakusalimia, anasema ununue viatu vyenye kufunga, si vile vya kuonyesha vidole. Luc anakusalimia, na nyanya Kanyere, mwenye anauliza kila siku kama Kampala kuna ndizi. Bénite naye anakusalimia. Anatumika kazi sasa ku maternité, kwa bamama benye kuzaa, na kuimba amepunguza.

Mungu akulinde ku njia na ku masomo, akupe masikio ya kusikia batu, na mudomo ya kujua kunyamaza.

Ni mie mwenye kukupenda siku zote,
mama yako mudogo,
Rébecca