Kibuyu Kilichokatazwa Kuzunguka

Mume wangu Deo,

Shikamoo yako imefika, mjukuu wangu, marahaba. Huku Mwazye hatujambo. Ulezi umekubali, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza zamani watu walitiije amri za magonjwa bila polisi. Nitakujibu kwa harusi yangu.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia bondeni na pombe ya harusi imeshaiva, mwenyekiti wa kijiji akapiga marufuku kushikana mikono na kunywea kibuyu kimoja. Kila mtu na kikombe chake! Sasa kwetu, wakwe wasipopokezana kibuyu, ndoa iko wapi? Baba mkwe wangu akakunja uso. "Kumbe mnatuonea kinyaa?" Akainuka aondoke na mwanawe, yaani huyo babu yako. Nikaona harusi ndiyo hiyo inakwenda.

Bibi yangu akachuchumaa mbali kidogo naye, akapiga makofi polepole, ile salamu yetu ya Kifipa.

"Baba, wazee wetu waliheshimiana hivi, bila kushikana mikono."

"Na kikombe je?"

"Chako nimekiosha mwenyewe kwa maji ya moto. Kibuyu, nani amewahi kukuoshea?"

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akajibu makofi, akanywa.

Amri ilikuwa ya mwenyekiti, Deo, ila aliyeikaribisha nyumbani ni yule bibi. Ugonjwa ulipoisha kibuyu kilirudi kuzunguka, lakini mpaka leo hakuna mkwe anayekipokea kabla hajauliza, "Kimeoshwa?"

Mimi mkeo,
Bibi