Mchai wa Chini ya Bati

Kagoma, Muleba

Tata, shikamoo. Huku mvua haijakatika tangu juzi.

Nilitumwa kung'oa chai ya mjane mmoja kwa kuwa imegeuka njano, na ofisini kwetu chai ya njano huhesabiwa kuwa uvivu wa mkulima. Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna. Chai yenyewe hajawahi kuinywa. Samadi ameijaza kama kwenye migomba. Michai ya majani madogo inajikongoja, ya majani mapana imedumaa, isipokuwa mmoja ulio chini ya ukingo wa paa la bati. Huo ni kijani kabisa.

"Bwana shamba," akasema, "samadi ni ileile na mkono ni uleule. Uvivu wangu uko wapi?"

Nadhani maji ya mvua yanayotiririka kwenye bati yana kitu kidogo ambacho mmea ukikikosa, samadi haiufai. Jina lake silijui. Chai yake nimeiacha, na kwenye fomu ya ofisi, penye sababu, sikuandika uvivu.

Yako ilikuwa ya majani mapana, Tata, na paa letu ni la nyasi. Mwaka jana niliing'oa mwenyewe nikaandika uvivu.

Msalimie sana Mama. Jumamosi nakuja Kashozi na miche mipya, na bati moja.

Mwanao,
Fransisi