Upanga wa Baba Usiuzwe kwa Picha

Ndugu yangu Wafula,

Amani ya Bwana ikukute mzima hapo Kitale, wewe na mama watoto na wale wadogo. Mguu wa Mama umepoa? Na mahindi, mvua imeyahurumia? Mimi huku Uingereza Mungu ananishika, ingawa baridi inaingia mpaka kwenye meno. Bado nafagia na kupanguza kwa yule mzee muuza panga za kale za Kijapani.

Nimekupigia simu mara tatu. Nikitaja upanga unacheka, "Dada, line mbaya," unakata. Kwa kompyuta sikutaka, maana pale saiba mnapokodi kompyuta mtu anasoma barua yake na wengine watano wakichungulia begani. Ndio barua hii nampa binti wa Kanduyi anayesafiri kesho. Ameahidi kuifikisha dukani kwako kabla ya Ijumaa. Wafula, isome kabla hujafunga hicho kifurushi cha upanga.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na furaha mpaka nikaogopa. Ati umepata mnunuzi kwa mtandao, mtu wa mbali, ameona picha za upanga aliorudi nao Baba kutoka vita vya Burma, amekubali bei, na kwa bei hiyo lile shamba la Tongaren halitakuwa tena la kukodi. Ukaandika: "Hata mpini nimefungua, dada. Chuma cha ndani ni safi kama kijiko! Hapo sijapiga picha, nataka ukimfikia ashangae."

Hapo nikarudi kusoma mara ya pili.

Huku nimewaona wanunuzi. Mwenye kuja dukani hagusi makali kwa kidole. Anainama kidogo, anaomba ruhusa, kisha mzee anasukuma kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, na kuuvua. Hapo mgeni anasahau makali. Anaangalia kile chuma cha ndani, ile kutu nyeusi ya miaka na miaka, na jina la fundi lililochongwa hapo. Kutu hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Haioshwi kamwe.

Jumanne aliingia mwanamume amekumbatia upanga alionunua kwa kompyuta. Mzee akavua mpini. Ndani kunang'aa. Akauweka mezani polepole kama mtu anayelaza maiti. "Kuna mtu ameusugua," akasema. Yule mwanamume akakaa kwenye ngazi, anarudia tu, "Lakini kwa picha ulikuwa mzuri." Nikampelekea chai ikamwagika.

Wafula, wetu niliusugua mimi.

Nilikuwa darasa la sita, wewe bado unanyonya. Wazee wa kanisa walikuwa waje kwetu Sirisia kwa maombi, na Mama alitaka nyumba ing'ae. Si unanijua mimi na sufuria? Nikashusha upanga ukutani, kijiti kikaanguka, mpini ukatoka. Ndani nikaona chuma cheusi na mikwaruzo kama ya miguu ya kuku. Nikaona aibu, wageni wakiona hivi? Nikachukua majivu na mchanga wa mtoni, nikasugua kwa gunzi la mahindi mpaka mikwaruzo ikaisha.

Baba aliporudi sokoni nilikimbia kumwonyesha. Akapitisha kidole pale palipokuwa na mikwaruzo. "Baba, si sasa umetakata?"

"Umefanya kazi, mama. Enda ukule."

Akachonga kijiti kipya, akakigonga kabisa, na hakuna aliyevua mpini tena mpaka wewe. Miaka yote nimekuwa nikijisifu moyoni kwa kazi ile. Kumbe alikuwa ananifunika.

Jana nilimwambia mzee. Akaniuliza nilikuwa na umri gani, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema utapata mtu bado, ila kwa bei ya chini, na awe ameona ndani kwanza.

Najua unavyosema sasa: "Dada bana, huyo ni tajiri, kwani atajua?" Atajua siku ile ile atakapouvua. Nawe utakuwa Tongaren unapanda, unamwomba Mungu abariki. Abariki nini? Nimepiga magoti siku tatu na jibu ni lile lile. Piga picha hapo panapong'aa umtumie. Mwambie akitaka aje Kitale aushike kwa mikono yake. Akikataa, shamba limeenda, na uchungu wake naujua. Hasira zako zilete kwangu, yeye usimtukane.

Msalimie wifi yangu, na shemeji fundi baiskeli wa Kanduyi, na akina mama wa kanisa wasiache kuniombea. Mama mpe mkono, lakini hili usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Na kile kijiti ulichotoa, kama hukukitupa, kirudishe mahali pake. Kilichongwa na Baba kwa ajili yangu.

Dada yako mwenye mikono safi mno,
Nekesa