Nilisema Tupu Bila Kuangalia

Baba yangu uliye mbali,

Nakuandikia kutoka Riyadh, mezani kwa shangazi, mwenyewe akiwa kazini mtaa wa Olaya. Nimetaka barua hii isomwe na kila mtu, kwa sababu yaliyosemwa juu yako kule Al-Hamra, mtaani kwa bosi wako, yalisemwa mbele ya watu.

Mama aliporudi Mombasa kumuuguza bibi, tulibaki wawili katika chumba cha dereva nyuma ya nyumba ya bosi. Nikitoka shule nilikukuta gereji, umezungukwa na bunduki kuukuu za kuwindia ndege alizorithi bosi kwa baba yake. Hukulipwa kwa kuzitengeneza. Ulizipenda tu. Ulinifundisha kuchagua bisibisi ambayo ncha yake inajaa kabisa kwenye mfereji wa skrubu, maana ikilegea huteleza na kukwaruza chuma. Taya za jiliwa, kile kibanio cha mezani, ulizivika ngozi ya kiatu chako cha zamani. Nyundo yako ilikuwa ya shaba, ili isiache alama inapogonga.

Ila kifaa cha kwanza kushikwa kilikuwa ule ufito mrefu. Kabla ya lolote uliikunja bunduki ikafunguka, ukapitisha ufito ndani ya mitutu yote miwili kuhakikisha hamna risasi, kisha ukanipa na mimi nifanye hivyo hivyo.

"Macho yangu yamechoka, mama," ulisema. "Yako bado mapya."

Halafu ikaja ile Ijumaa. Wageni watatu wa bosi walikuwa wameketi gereji baada ya chakula, na bosi akaweka bunduki mezani.

"Yalla, Salim, kifyatuo kinakwama. Mafi risasi, hakuna kabisa. Lakini kwanza sogeza gari, linaungua juani."

Ukachukua funguo. "Angalia, mama," ukaniambia, ukatoka.

Ufito ulikuwa umeegemea ukutani, nyuma ya kiti cha yule mgeni mnene. Ili niuchukue ilibidi nimwombe anipishe. Akaniona nimesimama.

"Huyu ndiye mkaguzi? Huyu hata kiberiti anakiogopa!"

Wakacheka wote. Uso ukaniwaka moto. Hata kuikunja sikuikunja, baba. Niliinamisha kichwa nikakusubiri.

Ukarudi mbio, bosi anakuhimiza. "Tupu?" ukaniuliza.

"Tupu," nikasema.

Kila siku ulikuwa ukiangalia mwenyewe pia. Siku ile uliniamini. Ukaibana kwenye jiliwa, ukaielekeza ukutani kama kawaida yako, ukagusa kifyatuo.

Sikusikia mlio wenyewe, nilisikia masikio yakilia baadaye. Marisau, zile risasi ndogo za ndege, yalikuwa yameingia ukutani, mkono mmoja tu kutoka kilipo kiti cha mgeni. Vumbi la plasta lilimwangukia mabegani.

"Nani aliangalia?" bosi akafoka.

Nilivuta pumzi niseme. Wewe hukunitazama hata kidogo.

"Ni mimi, bosi. Sikuangalia."

"Halas, Salim. Basi, imekwisha."

Wiki ile ile ukahamishiwa kulinda ghala la bosi karibu na bandari, na mimi nilipomaliza mitihani nikaletwa kwa shangazi. Najua madereva wa Al-Hamra wanakuita Macho Mafi, mtu asiye na macho. Najua vifaa vyako umevigawa. Shangazi aliniambia akidhani ni habari ndogo, nikaenda kufungulia bomba la bafuni ili asinisikie nikilia.

Ukipiga simu unaniuliza kama nimekula, nakujibu nimekula, kisha unaaga upesi. Nadhani unaogopa nitasema. Mimi nimekuwa nikiogopa kwamba sitasema kamwe.

Jana nilimtumia bosi ujumbe wa sauti kwa Kiarabu changu cha shule. Nilirudia mara tano kwa sababu sauti ilikuwa inakatika. Nilimwambia nani aliyepewa kazi ya kuangalia, na nani aliyesema tupu. Amekwisha kuusikiliza. Hajajibu. Huenda akakasirika zaidi, huenda hata hapo ghalani ukaondolewa, na hilo nalo litakuwa juu yangu. Nisamehe kwamba sikukuomba ruhusa. Ungenikataza.

Sasa mtu akikuuliza habari za siku ile, tafadhali usiseme tena ilikuwa wewe. Mwambie ilikuwa binti yako, na kwamba amesema kwa mdomo wake.

Mwanao akupendaye,
Rehema