Mwenye Kupiga Njo Anafuata

Kingi, Masisi
Tarehe 17 Agosti 2023

Mpendwa mudogo wangu Michel,

Nakusalimia kwa jina la Bwana wetu Yezu Kristu. Habari za huko Sherbrooke? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua kule kiwandani, umepoa? Mama Noëlla na watoto wako wazima? Kila ukitueleza baridi ya huko, mimi ninawaza vidole vyenu. Sisi tuko, tunapumua. Goti langu la kuume limevimba tangu Pentekoste. Nikipiga magoti kanisani, jirani yangu Dancille njo ananiinua, kisha ananicheka mbele ya watu. Shemeji yako Darius ni muzima wa mwili. Ya moyo nitakuambia.

Barua yako Aurélie, binti wa Dancille, alinisomea kwenye simu yake, maana herufi za simu zinanishinda macho. Hii pia yeye njo ataipiga picha na kukutumia akifika Goma, kwa sababu hapa rezo ya simu inakuja ikipenda. Usiangalie makosa. Unajua masomo niliachia wapi.

Uliniuliza kwa kuchekesha: kwa nini kwetu watu wanakufia ballon, huu mupira wa miguu, na huko wenzako wa kazi ukiwaambia habari ya mechi wanakutazama kwa huruma kama mugonjwa, kisha wanarudi kuzungumza mchezo wao wa fimbo juu ya barafu? Michel, hilo swali nimepalilia nalo muhogo siku tatu.

Mimi naona kwanza ni nani alikufikia na kitu gani. Baba alikuwa anatuambia padri wa misioni alifika na katekisimu ndani ya mfuko na ballon imefungwa nyuma ya pikipiki, na asiyejua sala hachezi. Baba alishika Nasadiki yote kwa siku mbili. Kama yule padri angetuletea fimbo za barafu, leo tungekuwa tunateleza kwenye matope. Nilipomwambia Dancille hivyo aliacha jembe, akakaa chini kucheka.

Tena huko mutoto iko na michezo mingi, kila mumoja na nyumba yake, viatu vyake, kofia yake. Hapa unafunga majani makavu ya ndizi na kamba, na watu ishirini wanapata kazi mpaka jua linazama.

Na kuna ingine ninayokuambia polepole. Katika milima yetu muntu anakuuliza kwanza wewe ni wa nani, babu yako alitoka wapi. Kiwanjani sijasikia hilo swali hata siku moja. Kanyamibwa wa jirani alikuwa golini na mwanangu Samy mbele, na baba zao hawakuwa wanasalimiana sababu ya mpaka wa malisho. Watu walipiga tu kelele: “Toa mupira, weye mulafi!” Nafikiri walioko na pahali pengine pa kukaa pamoja hawahitaji ballon sana.

Lakini swali lako liliniumiza, na wewe hukuweza kujua. Nilipokuandikia kwamba mwanangu Samy alipotea sababu ya vita, sikukuambia yote. Unisamehe. Nilishindwa kuandika.

Unakumbuka kile kiwanja cha Baba. Ndicho pahali tambarare peke yake hapa kwetu, na hata chenyewe kimeinama: mupira ukitoka upande wa chini unabingirika mpaka kwenye kijito. Na sheria unaijua, mwenye kupiga njo anafuata. Wewe mwenyewe ulirudi mara ngapi na miiba kwenye magoti? Ndiyo maana watu wa Kingi wanacheza chini chini, pasi fupi fupi. Wageni walikuwa wanatucheka mpaka na wao washuke mara moja.

Jumatatu ya Paska ya mwaka jana, kiisha misa, Samy alipiga juu, mupira ukashuka upande wa kijito. Nilikuwa pale pembeni na sufuria ya maharagwe ya wachezaji. Kiwanja kizima kikaita: “Mwenye kupiga! Mwenye kupiga!” Na mimi pia niliita, Michel. Nilisema: “Shuka, weye wa miguu ya mbuzi, chakula kinapoa!” Akanicheka, akavua viatu visichafuke, akashuka.

Chini kwenye kijito kulikuwa watu wa bunduki, wanatafuta wa kuwabebea mizigo kwenda Walikale. Hatukusikia hata risasi moja. Vijana waliposhuka kuangalia walikuta mupira unaelea majini, basi.

Tangu siku ile hakuna aliyecheza pale. Darius alizungushia miiba. Hajanilaumu hata kidogo. Heri angenilaumu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hii njo inanifanya niandike. Darius anataka tusome misa ya marehemu mwanzo wa Septemba, halafu kwa mvua ya kwanza alime kiwanja, apande maharagwe. Shida anayosema ni ya kweli, mashamba yetu ya bondeni hatufiki tena. Aliniambia: “Libérata, mutoto alikufa. Tumuombee, tulime, tukule.” Nilikuwa nimeanza kukubali, mpaka Jumanne ya wiki iliyopita.

Siku hiyo Nsengimana, bwana ya Fifi, binti wa ukoo wetu, alirudi kutoka Walikale. Anapelekaga bidhaa Omate, kule wanakochimba dhahabu. Alikula, akaanza kutuchekesha na habari za huko. Akasema siku ya Mungu wachimbaji wanacheza ballon kwenye matope kando ya mashimo. Kuna kijana mumoja wa ndevu, wanamuita Masisi tu, kwa jina la huku kwetu. Alipiga mupira ukaingia korongoni. Mwenzake aliyekuwa karibu alishaanza kushuka kuuchukua, yeye akamshika mkono, akashuka mwenyewe. Wengine wakamcheka: “Weye Masisi, uko mujinga? Mwenye kuwa karibu njo analeta!” Naye akawajibu: “Kwetu mwenye kupiga njo anafuata.”

Nsengimana alicheka sana. Yeye alitoka Rutshuru, alituoa kiisha ile Paska, hajawahi kuona mupira wa Kingi. Nilimuuliza uso, urefu, sauti. Anasema alisimama mbali, na pikipiki yake ilikuwa inamungoja.

Darius akasema: “Hata muntu mwingine wa Kingi angesema hivyo.” Ni kweli. Mwaka ule vijana watatu wa hapa walichukuliwa. Kama ni wa mwingine, mama yake pia anangoja, na mimi nitamshukuru Mungu kwa ajili yake, hata kama nitashukuru nikilia. Tena Darius ananiuliza: kama ni Samy, na yuko huru mpaka anacheza ballon, mbona harudi? Labda anaogopa barabara. Labda walimuambia sisi tulikufa. Ninasali rozari, na nikifika kwa fumbo la Yezu kupatikana hekaluni ninasimama, siendelei.

Michel, kiwanja ni chako. Baba alikuachia kwa jina mbele ya Papa Pierre, katekista. Darius hawezi kuweka jembe bila neno lako, na neno lako analiheshimu. Langu analisikia kama kilio cha mama. Umwambie angoje msimu mumoja tu. Binamu yetu Élie amekubali kwenda Omate kuangalia kwa macho yake. Lakini misa ya marehemu ikiisha kusomwa na maharagwe yakiota pale, hakuna atakayesafiri kumtafuta muntu aliyekwisha kuombewa. Élie mwenyewe amenieleza hivyo.

Ukisema walime, nitabeba mbegu mimi mwenyewe na sitagombana. Nimemuahidi Mungu.

Dancille anakusalimia, na Fifi na mapacha wake. Papa Pierre anauliza kama huko Canada bado munaimba kwenye misa. Umsalimie Mama Noëlla, watoto uwapakate kwa niaba yangu, na mwambie yule mudogo acheze mchezo wowote anaoutaka, shangazi yake hana neno. Mungu aliyewavusha salama mpaka huko awalinde mkitoka na mkiingia, na aangalie pia wale wetu tusiojua wamelala wapi.

Mvua inaweza kuanza wiki ya pili ya Septemba. Muandikie Darius mapema, mudogo wangu, hata mistari miwili. Ninaomba unijibu upesi.

Dada yako akupendaye,
Libérata