Ramani ya visima vya Mambrui

Kaltuma shoga yangu, leo nimeumbuka!

Jioni hii kwenye darasa letu la kompyuta nimemuonesha afisa wa maji ile ramani niliyoitengeneza, ya visima vyetu vya miaka ya themanini vilivyoingia chumvi, ili tupewe bomba. Nikasoma Bismillahi, nikabonyeza. Patupu! Mambrui haina hata kisima.

Mwalimu Taib akatafuta, akacheka: "Bi Mwanatumu, visima vyako vimekwenda kuhiji. Vimeshafika pande za Moyale!"

Moyale, Kaltuma, kule mpakani na Ethiopia! Dua zote nimesoma, nikasahau kutia alama ya kutoa kwenye namba za mahali pa visima, ile ya kuonesha kusini mwa ikweta.

Nikaitia. Vikarudi, vyekundu vitupu, rangi niliyoipa chumvi, pwani nzima. Kicheko kikakatika.

"Vyote hivi chumvi?" afisa akauliza. "Kesho nakuja kuonja. Wewe ndiye utakayenionesha njia."

Mimi, Kaltuma! Mimi wa Moyale!